Muulize Nesi: Nimepika kipaimara, kesho yake watu wanatapika

Wapendwa wasomaji, mwezi huu meseji za tumbo zimekuwa nyingi mpaka nimeamua safu yote iwe ya habari hiyo hiyo, kuharisha na kutapika kwa virusi. Nyingi zimetoka Dodoma mjini, Chang'ombe, Nkuhungu, Makole, halafu Kibaigwa na Mvumi. Nimezifupisha kidogo na majina nimeyatoa kama kawaida yetu.

Shikamoo nesi. Mimi ni mama ntilie na huwa napika kwenye shughuli. Jumamosi iliyopita nilipika kipaimara, watu kama 120, pilau, nyama, kachumbari, matunda na juisi ya ubuyu. Wamekula saa 8 mchana, wamefurahi, wamecheza. Jumapili jioni naanza kupigiwa simu, huyu anatapika, yule anaendesha, mpaka Jumatatu asubuhi wamefika kama 30. Sasa mtaani wanasema nimewatilia watu kitu, wengine wanasema nyama ilikuwa kibudu, na mwenye shughuli amegoma kunimalizia hela yangu. Nesi ile nyama nilinunua mwenyewe buchani ina muhuri, na mimi nilikula pale pale sikuumwa. Kitu kimoja tu sijamwambia mtu, binti aliyekuwa ananikatia kachumbari alitapika sana Alhamisi usiku kucha ila Jumamosi alikuja akasema amepona. Nisaidie jamani jina langu limeharibika. – Mpishi, Chang'ombe

Marahaba mwanangu, na pole sana, maana kuitwa mtilia watu sumu kwenye mtaa unaoishi na kufanyia biashara ni jambo zito. Siwezi kukuapia bila vipimo vya maabara, lakini ulivyosimulia mwenyewe, kwa maoni yangu hamna sumu hapo na hamna kibudu, kuna virusi, na sentensi yako ya mwisho ndo imebeba karibu kila kitu.

Kwanza tuangalie saa. Chakula kilicholala, mfano wali uliokaa sufuriani na joto lake masaa mengi, vijidudu vikishatengeneza sumu yake humo ndani mtu anashikwa haraka, kati ya saa 1 na saa 6, yaani watu wangetapika wakiwa bado chini ya maturubai muziki unapiga. Wako wamekula Jumamosi saa 8 mchana na simu zimeanza Jumapili jioni, hapo imepita zaidi ya siku nzima. Kuna virusi vinaitwa norovirusi ambavyo mwendo wake ndo huo huo, mtu akishavimeza hukaa saa 12 hadi 48 anajiona mzima kabisa, halafu ghafla bin vuu anaanza kutapika, anaharisha maji maji, tumbo linasokota, mwili unauma, wengine na homa kidogo. Siku 1 hadi 3 inaisha. Na inapita kama moto kwenye nyasi za kiangazi, ndo maana ukapata watu 30 kwa mpigo.

Jina lenyewe limetokana na mji wa Norwalk, jimbo la Ohio kule Marekani, mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa shule moja ya msingi walitapika na kuharisha kwa wingi ndani ya siku chache na hakuna aliyejua kwa nini, wakatafuta bakteria wasione kitu. Mpaka 1972 ndo Albert Kapikian na wenzake wakaviona virusi vyenyewe kwa hadubini ya elektroni kwenye sampuli za kinyesi zilizokuwa zimehifadhiwa. Kwahiyo ugonjwa huu si wa Chang'ombe na si wa wachafu. Duniani kila mwaka unakadiriwa kushika watu milioni 685, kwenye hospitali kubwa, kwenye meli za kitalii, kote huko.

Sasa twende kwa binti. Mtu akiacha kutapika anajiona amepona, lakini virusi vinaendelea kutoka kwenye choo chake hata wiki mbili, na siku mbili za mwanzo baada ya kupata nafuu bado vinatoka vingi sana. Gramu moja tu ya kinyesi cha mgonjwa inaweza kubeba mabilioni ya chembe za virusi, na chembe zisizofika hata 100 zinatosha kumuangusha mtu mzima. Piga hesabu mwenyewe. Binti anaingia chooni, ananawa haraka haraka kwa maji matupu kwa sababu kazi ni nyingi na jiko linasubiri, anarudi kwenye nyanya na vitunguu. Pilau lako lilichemka, nyama ilichemka, moto wa namna ile unaviua. Kachumbari haichemki. Matunda yaliyokatwa hayachemki, na juisi ya ubuyu ikishapoa mtu akaikoroga au akatumbukiza kata pamoja na mkono wake, nayo ni hivo hivo. Ndimu haiviui, pilipili haiviui, najua wengi wanaamini kachumbari ikiwa kali inasafisha tumbo lakini kwa hivi virusi hapana.

Kwahiyo fanya hivi, chukua daftari, pigia watu kama 20, wagonjwa na wasioumwa, waulize walikula nini. Usiwaulize kama kesi, waulize kwa upole tu unawajulia hali. Kama walioumwa karibu wote walikula kachumbari, na waliokula pilau na nyama tu wapo wazima, umepata jibu lako na unaweza kulipeleka kwa mwenye shughuli. Na wewe kutokuumwa si ajabu, mimi nimekaa na wapishi wengi nimeona wanakula ukoko na mchuzi wamesimama pembeni ya jiko, kachumbari hata hawaikumbuki, na pia wapo watu ambao tangu kuzaliwa miili yao haivipokei baadhi ya aina za hivi virusi.

Niulize na kitu kingine, watu walinawaje? Kama mlipitisha beseni moja meza kwa meza, wote wanachovya mikono kwenye maji yale yale, basi hata pasipokuwa na kachumbari mngeweza kuambukizana. Tumieni birika, mmoja amimine, mikono ikingwe juu ya beseni, sabuni iwepo. Bibi zetu walikuwa wanamimina, sijui hili la kuchovya tumelitoa wapi.

Nataka kusema kitu kuhusu yule binti kabla watu hawajamgeukia yeye. Alikuja kazini kwa sababu asipokuja halipwi. Ile hela ya siku ndo chakula chake. Hakuja kuua mtu. Mpishi yeyote anayepika shughuli akishasikia msaidizi wake ametapika au ameharisha amwambie kaa nyumbani mpaka yapite masaa 48 tangu dalili ziishe kabisa, na akimwambia hivyo ampe chochote, hata nusu ya hela yake, ama ampe kazi ya kusukuma toroli la maji na kupanga viti, mbali na chakula. Ukimnyima hela akiumwa, kesho yake hatakuambia kama anaumwa, na hapo utakuwa umejifunga macho mwenyewe. Hiyo gharama iingizeni kwenye bajeti za shughuli kama mnavyoingiza maturubai.

Hela yako idai. Mpelekee huyo mwenye shughuli gazeti hili, nenda na mjumbe au mtu mzima mnayeheshimiana wote, kaeni muongee.

Dada nesi habari. Mwanangu ana miezi 9 leo siku ya tatu anaharisha maji na kila akinywa anatapika. Mama mkwe amekuja toka kijijini anasema ni meno ya plastiki nimpeleke kwa mzee mmoja ayang'oe, shangazi wa mtoto anasema tumembemenda. Duka la dawa wamenipa Flagyl ya maji. Sa hivi nimeacha kumpa maji maana naona ndo yanamtapisha. Kadi ya kliniki ipo sawa, rota alipata zote mbili, sasa mbona anaharisha? – Mama wa Nkuhungu

Mdogo wangu, wewe nilikujibu siku ile ile ulipoandika, nashukuru mtoto anaendelea vizuri, ila nalirudia hapa kwa sababu mama wa namna yako wapo wengi na barua yako ina kila kosa linaloweza kumuondoa mtoto mikononi mwetu.

Mtoto akiharisha haondoki kwa sababu ya virusi, anaondoka kwa sababu ya maji kuisha mwilini. Ukielewa hilo moja mengine yote yanajipanga. Nilifanya kazi wodi ya watoto miaka mingi na watoto walioletwa wamechelewa karibu wote mama zao walikuwa wamefanya ulichofanya wewe, wamesitisha maji kwa nia njema kabisa, akinywa anatapika basi asinywe. Mama analia anakuambia nesi nilikuwa namuonea huruma. Huwezi hata kumgombeza.

Maji yanaendelea, ila mwendo wake ubadilishe. Koroga pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yenyewe, nyingi ni lita 1 lakini soma kwanza, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na yakifika masaa 24 mwaga koroga mengine. Chukua kijiko cha chai, mpe kijiko kimoja, hesabu dakika moja au mbili, mpe kingine. Akitapika subiri dakika 10 anza tena polepole zaidi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 lenga kama mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha mililita 200. Inachosha, inakula usiku mzima, lakini kijiko kwa kijiko mengi yanabaki ndani hata ukiona kama anatapika yote. Na ziwa usimnyime hata kidogo, nyonyesha mara nyingi zaidi. Chakula akikitaka mpe. Soda iliyotolewa gesi, juisi za paketi, hivyo hapana, sukari yake nyingi inavuta maji kwenye utumbo anaharisha zaidi.

Zinki nayo ni muhimu, uliza kwenye zahanati, mtoto wa miezi 6 na kuendelea ni miligramu 20 kwa siku, wa chini ya hapo 10, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Watu wengi wanaacha njiani. Usiache, inasaidia utumbo kupona na asirudie rudie miezi inayofuata.

Flagyl rudisha rafu. Flagyl ni ya amiba na baadhi ya bakteria, virusi haivigusi hata kidogo, na inaacha mdomo mchungu mtoto anakataa hata ORS. Sijui lini tutaacha hii tabia ya kila tumbo ni amiba au taifodi.

Meno ya plastiki. Hapa nitaongea taratibu kwa sababu najua mama mkwe anampenda mjukuu wake kuliko anavyojipenda yeye. Kile kitu cheupe laini wanachokichimbua kwenye fizi wakakuonyesha ukaamini kweli ni plastiki, ni jino la mtoto, chonge, halijakomaa bado, lipo ndani linasubiri siku yake. Kila mtoto analo. Ukichimbua wa jirani asiyeumwa utalikuta hilo hilo. Kinachowachanganya watu ni umri, miezi ile ile fizi zinavimba ndo miezi ile ile mtoto anatambaa, anaokota kila kitu anatia mdomoni, kandambili, mchanga, kijiko cha mwenzie, na anaanza kula chakula cha sufuria, kwahiyo ndo miezi ya kuharisha. Vimekutana tu. Wanaong'oa wanatumia spoku ya baiskeli, kisu, hata kucha, mtoto ambaye tayari hana maji mwilini anamwagika na damu, na hapo kuna pepopunda, kuna Ukimwi, kuna usaha kwenye taya. Nimeona taya la mtoto wa miezi 7 lililofanyiwa hivyo na sitaki kulieleza hapa.

Mama mkwe usigombane naye. Mpe kikombe na kijiko, mwambie mama naomba unisaidie kumnywesha mimi nimechoka mikono. Bibi ana subira kuliko sisi, atakaa na kile kijiko mpaka alfajiri, na mtoto akichangamka itakuwa ni kwa mkono wake na ataenda kuwasimulia kijiji kizima.

Kubemenda, nimeulizwa mara nyingi. Kuharisha hakutokani na baba na mama kulala pamoja, wala maziwa hayaharibiki kwa hilo. Mtoto kameza kitu chenye virusi. Basi.

Swali lako la rota ni zuri. Rotavirusi ni virusi vingine tofauti, Ruth Bishop na wenzake kule Melbourne, Australia, ndo waliviona mwaka 1973 kwenye utumbo wa watoto wenye kuharisha, na jina ni la Kilatini maana yake gurudumu, kwa sababu kwenye hadubini vinaonekana duara kama tairi yenye spoku. Zamani karibu kila mtoto duniani alikuwa anavipata kabla ya miaka 5. Tanzania tulianza kuchanja watoto wote mwanzoni mwa 2013, yale matone ya mdomoni wiki ya 6 na wiki ya 10. Chanjo inamkinga zaidi na ile kali ya kulazwa, si lazima imzuie asiharishe kabisa, na haimkingi na norovirusi ambayo bado haina chanjo kliniki, wala na vijidudu vingine vya tumbo. Kwahiyo hukudanganywa kliniki. Pengine bila ile chanjo ungekuwa unaniandikia ukiwa wodini.

Ukiona macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia machozi hayatoki, mkojo hamna masaa 6 au zaidi, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, amelegea au hawezi kunyonya, kuna damu kwenye choo, homa kali, au anatapika kila kitu hata kijiko kwa kijiko, usisubiri asubuhi. Bodaboda, hospitali, usiku ule ule, na njiani endelea na kijiko.

Mbukwenyi. Mimi ni bibi wa hapa Mvumi, wajukuu wananiandikia hii. Watoto wameharisha na hizo pakiti hazipo dukani, zahanati ni mbali. Nifanyeje nikisubiri kufika huko? – Bibi

Shikamoo bibi. Chemsha maji yapoe, pima lita moja kwa chupa, na uangalie vizuri maana chupa nyingi za dukani ni lita moja na nusu. Weka sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vijiko visawazishwe kwa kidole visiwe na kilima. Koroga, onja mwenyewe, isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi mwaga uanze upya bibi, chumvi nyingi inamuumiza mtoto kuliko kuharisha kwenyewe, na mjukuu mwenye haraka asipewe kazi ya kupima. Uji mwepesi wa uwele nao unafaa. Ugali na mlenda kama wanautaka wapewe, njaa haiponyeshi tumbo. Ila hayo ni ya kusubiria tu bibi, kesho mmoja aende akalete pakiti na zinki.

Nesi mimi ni baba wa Kibaigwa. Nilimpeleka kijana wangu wa miaka 6 zahanati moja anatapika, wakampa pakiti na vidonge tu wakaturudisha nyumbani. Nikaomba wamtundikie dripu nalipa, wakakataa. Si ni dharau hiyo? – Baba

Hapana kaka yangu, nimesoma ulivyoeleza, alikuwa anatembea, anakunywa, anakojoa. Walikupa matibabu yenyewe. Dripu ni ya aliyeshindwa kunywa au aliyeishiwa maji sana, huyo hata mimi ningemkimbilia na sindano.

Nikusimulie kitu. Mwaka 1971 wakati wa vita ya Bangladesh wakimbizi walimiminika mpakani India, kipindupindu kikawaingia kambini Bangaon, daktari mmoja anaitwa Dilip Mahalanabis akaishiwa dripu watu wamelala sakafuni wanakufa. Akachanganya chumvi na sukari ya glukosi kwenye maji, akajaza kwenye mapipa, akawaambia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wao kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Na hicho kilikuwa kipindupindu, kikali kuliko hiki cha kijana wako. Inafanya kazi kwa sababu sukari inapopenya kwenye ukuta wa utumbo inaivuta chumvi, na chumvi inayavuta maji, mlango huo unabaki wazi hata mtu akiharisha. Ndo maana maji matupu peke yake hayatoshi na ndo maana kipimo kina maana yake.

Kwa vile nimetaja kipindupindu, mtu akiharisha maji meupeupe kama yaliyooshewa mchele, mengi, mfululizo, huyo ni wa kukimbizwa hospitali sasa hivi na toeni taarifa.

Mambo dada nesi, mimi ni mwanachuo hapa Dodoma. Hosteli kwetu maji ni ya shida, wote tunatumia sanitaiza kama kipindi cha korona, na bado tumbo limetupitia chumba kizima. Imekuaje? – Mwanachuo

Poa mdogo wangu. Virusi vya korona vina koti la mafuta kwa nje, spiriti ikiligusa koti linayeyuka kirusi kinakufa. Norovirusi haina hilo koti, ina ganda gumu la protini, sanitaiza inapita juu kama mvua kwenye bati. Kinachosaidia ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, vidoleni na kwenye kucha, na hapo sabuni haiviui sana, inaving'oa kwenye ngozi maji yanaviondoa.

Hili nimelijua kwa uchungu. Mwaka fulani nikiwa wodini tulipata wagonjwa wengi wa kutapika, mimi kichupa cha sanitaiza kipo mfukoni napaka kila dakika naamini nipo salama. Siku ya pili nimetapika mimi, ya tatu mwanangu mdogo, kisha mama yangu mzazi mwenye kisukari akalazwa siku nne. Nilimletea mwenyewe kwa mikono yangu. Tangu siku hiyo sitoki wodini bila sabuni.

Kwa shida ya maji tengenezeni kibuyu chirizi, dumu la lita 5 likatobolewa, kamba, kijiti cha kukanyaga, sabuni ya kipande imening'inia pembeni. Maji yanachirizika kidogo sana, dumu moja chumba kizima mnanawa. Kiwekeni mlangoni mwa choo, na mtu akitoka asiguse mswaki wala chapati kabla hajakikanyaga.

Habari nesi. Tupo wapangaji saba nyumba moja Makole, choo kimoja cha uani. Mwenzetu mmoja ametapika tangu jana, katapika na koridoni. Wengine wanataka mwenye nyumba amwambie ahame kwanza. Maji yanatoka mara mbili kwa wiki. Tufanyeje? – Mpangaji

Asihame. Akihama ataenda kuambukiza kwa ndugu zake na huko nani atamkorogea ORS. Ninyi pia mmeshapishana naye koridoni kwahiyo hata akiondoka leo haiwasaidii kitu.

Matapishi ndo mwanzo. Mtu akitapika virusi vinaruka hewani pamoja na vitone vidogo vidogo, kwahiyo watoto waondoeni pale, fungueni madirisha, na msifagie. Funika kwa kitambaa chakavu au magazeti, mwagia Jik, ile dawa ya kuondoa madoa, iliyochanganywa kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, hapo naongelea ile ya asilimia 3.5 iliyozoeleka, soma kwenye chupa. Acheni dakika 10, zoeni mtupe chooni au mfukie, kisha mdeki tena. Anayefanya avae glavu na afunge pua, akimaliza anawe kwa sabuni. Jik usichanganye na dawa nyingine yoyote ya choo, inatoa hewa ya sumu.

Vitasa vya mlango, swichi za taa, bomba, tundu la choo, hivyo kila siku mpaka siku kadhaa baada ya kupona, vijiko 2 vya mezani vya Jik kwa lita 1 ya maji inatosha. Hivi virusi vinaweza kukaa juu ya vitu siku nyingi, msidhani kikikauka kimekufa.

Na kopo la chooni! Hili nasema kwa nguvu kwa sababu kila nyumba ya kupanga niliyowahi kuingia lipo moja, la rangi au la blubendi, watu saba wanalishika kwa mkono ule ule waliotoka kuchamba nao, halafu wanalirudisha kwenye ndoo ya maji ya wote. Mnadeki sakafu nzima lakini kopo hakuna anayeliosha tangu mwaka jana. Mgonjwa awe na kopo lake na ndoo yake, zikae pembeni. Kopo la wote lichovyeni kwenye maji ya Jik asubuhi na jioni, na lining'inizwe nje ya ndoo, lisiogelee ndani.

Maji ya kunywa chemsheni, yaacheni yatokote vizuri kabisa, yahifadhini kwenye dumu lenye mdomo mwembamba mmimine, msichote kwa kikombe. Maji ya mgao yakikaa siku tatu kwenye pipa bila mfuniko kila mkono wa nyumba umeshapita humo.

Huyo mwenzenu akipona asipike chakula cha wote mpaka yapite masaa 48. Kwa sasa mchangieni pakiti za ORS, mkorogee uji, muwekee mlangoni mgonge mumuulize kama amekojoa leo. Asipokuwa amekojoa kutwa nzima, ama akisimama anaona kizunguzungu, tafuteni bajaji. Na bakuli la uji likitoka chumbani kwake lioshwe peke yake kwa sabuni na maji yaliyochemka, lianikwe juani.